Tumbo Moja, Walaji Watatu

Jumapili, 3 Machi

Nimefika, na mvua imenitangulia. Dereva wa hospitali alinipokea stendi, akaniambia niweke miguu juu ya sanduku kwa sababu sakafu ya gari ina tundu. Njia nzima maji ya barabarani yalinirukia kama yana ugomvi na mimi.

Chumba changu kiko katika nyumba ya mjane anayeshona nguo barazani. Wote wanamwita Mama Cherehani, naye anaitika. Kitanda, meza, dirisha lenye wavu, msumari mmoja wa kutundikia kila nilicho nacho. Nitakaa hapa mpaka msimu wa mvua uishe: nifunge mashine ya eksirei katika hospitali ya mji huu, niwafundishe wenyewe kuitumia, nirudi kwetu. Kampuni ilinichagua mimi kwa sababu sina mume wala mtoto mchanga wa kuachwa. Kuhusu mama hawakuuliza.

Mama alipasuliwa tumbo mwishoni mwa mwaka. Upasuaji wa pili unangoja apate mwili kidogo, na mwili haupati kwa sababu hali chakula. Dawa zimemuua ulimi. Anasema kila kitu, hata chungwa, kina ladha ya kijiko. Nilitaka kuikataa safari hii, akanifungia sanduku yeye mwenyewe, ameketi kitandani, nguo moja moja.

"Nenda," aliniambia. "Ukibaki hapa tutakaa tukitazamana tu."

Chini ya zile nguo nimeficha biskuti, makopo ya maharage na mchele. Mimi na vyakula vigeni hatujawahi kupatana. Mama amepika jikoni mwa shule ya bweni tangu ujana mpaka alipostaafu, na mimi nimekula cha mkono wake maisha yangu yote. Sijui kama hilo ni kudeka au ni bahati.

Jumatatu, 4 Machi

Jioni Mama Cherehani aliniletea sahani: bonge la kitu cha kijivu, laini, linalong'aa, na pembeni majani meusi yanayoteleza, juu yake samaki mkavu mwenye kichwa na macho yake yote mawili. Alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, akinitazama. Nilikula matonge mawili. Alipoitwa na mteja, nikafunga vilivyobaki kwenye mfuko wa plastiki, nikatoa biskuti.

Kisha simu. Kaka ndiye anayemshikia mama simu, ila hapo hana kazi nyingine zaidi ya kusikiliza.

"Umekula nini?"

"Chakula cha huku, mama. Kitamu tu."

"Kitamu vipi?"

Nikaanza kumpambia. Nikasema laini, nikasema kina harufu nzuri, nikasema majani yamekolea.

"Hilo bonge linavutika au linakatika?"

Nikanyamaza kidogo. "Linakatika."

"Hujalila," mama akasema. "Ungelila ungesema hapo hapo. Mtu aliyekula hafikirii." Akampa kaka simu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Biskuti. Sikupiga simu, aibu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimekula. Nimekula lote, na kichwa cha samaki nimekivunja.

Mama Cherehani alisimama pale pale mlangoni. Nikaona afadhali macho yake kuliko ile "hujalila" ya mama. Bonge linavutika. Linavutika kama gundi, na ukilifuata kwa meno linakukimbia, kwa hiyo wenyewe hawatafuni, wanameza. Majani yanaanza na uchungu kwenye ncha ya ulimi, kisha uchungu unaondoka na kuacha kitu kama harufu ya mvua kwenye udongo. Samaki ni moshi mtupu, ila shavuni mwake kuna mnofu mdogo mtamu ambao sikuutarajia.

Nilimweleza mama hivyo hivyo. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye shavu la samaki akasema, "Enhe, hapo."

Baadaye wifi, mke wa kaka, alinipigia kwa simu yake. Ananong'ona.

"Wakati unaongea nilimwekea uji mkononi. Amekunywa kikombe kizima bila kujua."

"Bila kujua?"

"Alikuwa anakusikiliza. Kesho tena kula kitu, wifi yangu. Kula chochote kile."

Jumamosi, 9 Machi

Paa la chumba cha eksirei linavuja juu kabisa ya pale mashine inapotakiwa kukaa. Mganga mkuu anasema fundi wa paa atakuja mvua ikikatika. Nikamuuliza mvua hukatika lini. Akacheka kwa adabu.

Jumanne, 12 Machi

Mfamasia wa hospitali ni mtu wa maneno mengi na mwili mdogo. Leo alikuja na kikopo, akakifungua juu ya meza yangu ya kazi, kati ya nyaya na bisibisi.

"Dada Fundi, nimesikia unakusanya ladha."

Ndani kulikuwa na viwavi wakavu, weusi, wamejikunja kama misumari iliyong'olewa vibaya. Nikasema asante, nimeshiba.

"Saa hizi za asubuhi umeshiba nini? Mimi nimelelewa kwa hawa. Unaniona nimepungukiwa?"

"Kwa urefu, kidogo."

Wauguzi wakaangua kicheko, na kwa sababu nimemcheka sikuwa na njia ila kula. Nikafumba macho, nikatafuna haraka. Kwanza hakuna kitu, ni ganda tu, linavunjika kama kaukau za viazi. Halafu katikati kuna unga, na ule unga una utamu wa karanga iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Nikala wa pili macho wazi. Wa tatu nilimwomba mwenyewe.

Jioni mama alitaka kujua miguu. "Miguu yao inakwama kwenye meno?"

"Inakwama."

"Kama dagaa?"

"Kama dagaa, ila hawa wamekwenda shule."

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli huko nyumbani. Niliendelea kuongea kuhusu miguu ya viwavi mpaka mada yenyewe ikaishiwa pumzi.

Jumatano, 13 Machi

Kinywaji kichachu cha nafaka. Pua ilikikataa, koo likakikubali. Mama: yai nusu.

Jumapili, 17 Machi

Niandike ukweli kuhusu Mama Cherehani, kwa kuwa humu hakuna wa kusoma. Simpendi. Anapika kila siku kitu kipya tangu alipojua habari ya mama yangu, na kwa hilo namshukuru. Lakini yeye haketi. Hajawahi kula na mimi hata mara moja. Anaweka sahani, anarudi mlangoni, anafunga mikono, anatazama kila tonge toka sahanini hadi mdomoni, kama mtu aliyeazimisha kitu chake akiogopa kitavunjwa. Nikimaliza anachukua sahani, anaikagua, anaondoka. Leo nilimwambia, "Karibu tule, mama." Akasema, "Kula wewe."

Nadhani ananihesabia matonge. Au ananiona si mtu wa kula naye.

Alhamisi, 21 Machi

Konokono.

Nilidhani sasa nimekuwa mtu mzima wa kula. Walikuja kwenye mchuzi mzito wa pilipili, wamekatwa vipande, na kama nisingejua ningesema ni nyama ya utumbo. Lakini nilijua, kwa sababu asubuhi niliwaona wakitembea kwenye beseni. Nilitia kimoja mdomoni. Kilikuwa kigumu nje, kisha kikanirudisha meno kama mpira. Nikajilazimisha. Nikainuka, nikapita kando ya Mama Cherehani mlangoni, nikatapika kwenye maua yake.

Alimwaga maji juu ya maua, akanipa kitambaa.

Sikutaka kumdanganya mama tena, kwa hiyo nilimweleza yote, na maua nikayataja. Nikafikiri nimemchafua roho. Kisha nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu kabla ya ugonjwa: mama anacheka. Anacheka mpaka anashika kidonda, kaka anamwambia polepole, yeye anaendelea.

"Kwenye maua ya watu," anasema. "Nilikulea hivyo?"

Wifi anasema alikula ndizi nzima baada ya hapo, na akaomba nyingine.

Jumatatu, 25 Machi

Kaka alimpeleka mama kliniki. Ameongezeka kilo moja na kitu. Daktari wa upasuaji kasema wakiendelea hivi atapanga tarehe. Nilikuwa juu ya ngazi kaka aliponipigia, nikielekeza namna ya kufunga turubali chini ya paa. Nilishuka nikaketi juu ya boksi la mashine. Mfamasia akaniuliza kama nimepigwa shoti.

Alhamisi, 28 Machi

Upepo mchana kutwa. Mabati yanapiga makofi mtaa mzima. Wanasema mnara wa simu wa mlimani umelala chini.

Ijumaa, 29 Machi

Hakuna mtandao. Nimekula maboga ya namna fulani yenye nywele ndani. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 31 Machi

Hakuna mtandao. Mto umekula barabara ya kwenda mji mkubwa. Mama Cherehani anapika kama kawaida. Nakula, na nimegundua kwamba bila mama upande wa pili chakula kinapita tu. Sikumbuki leo nimekula nini.

Jumanne, 2 Aprili

Hakuna mtandao.

Jumatano, 3 Aprili

Simu imerudi saa za mchana. Ilianza kutetemeka mfukoni nikiwa na mganga mkuu, na jumbe zikaingia kwa foleni, nyingi za wifi. Nikatoka bila kuomba ruhusa.

Wifi alikuwa analia kabla sijasema neno. Mama hali. Hagomi wala hagombi. Akiletewa sahani anaitazama kama imeletwa kwa mtu mwingine. Kilo iliyopatikana imekwenda, na nyingine imeifuata. Daktari kasema kwa hali hii hampasui, atamuua mezani, wangoje. Na kungoja nako, kasema, hakuna muda mwingi.

Nikarudi ndani nikamwambia mganga mkuu naondoka. Hakuwa mbaya. Alinipeleka dirishani, akanionyesha upande ambao barabara ilikuwepo. "Ukipata njia," akasema, "mimi mwenyewe nitakubebea sanduku."

Nilifika nyumbani nimelowa, na Mama Cherehani alikuwa ameshaweka chakula. Majani yale yale ya siku ya kwanza. Nikamwambia sitakula, mama yangu anakufa na mimi nipo huku nakula. Niliongea kwa ukali, kama yeye ndiye aliyeangusha mnara. Nikampigia mama, nikaiweka simu mezani, sauti wazi.

"Mama."

"Mwanangu." Sauti imekuwa nyembamba. "Umekula nini?"

Nilishindwa. Nikaitazama sahani, nikasema tu, "Majani. Yale meusi."

Kisha mama akasema, kwa kuchoka, "Hayo majani huwa yanafunikwa yakipikwa. Ndiyo maana meusi. Yasingefunikwa yangebaki kijani."

Na Mama Cherehani, ambaye kwa mwezi mzima hajavuka kizingiti nikila, akaingia chumbani, akainamia simu.

"Meusi ndiyo yameiva."

"Nani huyo?"

"Mimi ndiye ninayemlisha mwanao. Shikamoo, kama umenizidi."

"Marahaba, nadhani nimekuzidi. Meusi hayajaiva, yamechemka kwa mvuke wao wenyewe. Nimepikia watoto mia tano kila siku. Majani hayafunikwi."

"Haya hujawahi kuyaona."

"Majani ni majani."

"Majani si majani. Haya usipoyafunika yanauma koo wiki nzima. Wewe unazungumzia majani ya kwenu, ya kulegea."

"Ya kulegea," mama akarudia, na nikasikia kitanda kikilia. Amejiinua. "Majani yetu ya maboga, yakipikwa wazi, mtu anakula na kesho anarudi."

"Wewe umeyala lini mara ya mwisho?"

Nilimtazama Mama Cherehani kwa macho ya kumsihi. Hakunitazama.

"Sina ulimi," mama akasema. "Hujaambiwa?"

"Nimeambiwa. Huna ulimi, basi umejuaje ya kwangu ni mabaya? Pika yako, wazi, ule sahani nzima, kisha unipigie uniambie yalikuwa laini au magumu. Ulimi hauna kazi hapo. Meno unayo?"

"Meno ninayo."

"Basi."

Simu ikakatika. Sikujua kama nimpige huyu mwanamke au nimpigie magoti. Yeye alichukua sahani yangu iliyopoa akaenda kuipasha.

Kabla jua halijazama wifi akapiga. Mama kamtuma majani ya maboga kwa jirani. Kakaa kwenye kiti jikoni, mara ya kwanza tangu atoke hospitali, kamsimamia: usifunike, geuza, toa sasa, toa. Kala sahani nzima. Hakufurahia, wifi anasema. Alikula kama mtu anayekusanya ushahidi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama alipiga yeye mwenyewe na hakuniomba mimi. "Nipe yule."

Laini, kasema. Na kijani.

Jumatatu, 8 Aprili

Wamegombana kuhusu kukausha samaki, kuhusu kuloweka kunde, na kuhusu kama kitunguu kiingie kabla ya mafuta kupata moto au baada. Mimi nipo katikati kama shahidi, nakula na kuulizwa. Kila wakigombana, huko nyumbani kinapikwa kitu ili kithibitishe jambo fulani, na kikishapikwa kinaliwa.

Jumatano, 10 Aprili

Umeme ulikatika hospitali mchana, na bila umeme mimi ni mgeni tu mwenye bisibisi. Nikarudi nyumbani mapema kwa njia ya nyuma, kukwepa tope la mbele.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama Cherehani aliketi kwenye kigoda, sufuria ndogo mapajani. Ndani kulikuwa na viazi vyeupe vya kuchemsha, vitupu, bila mchuzi, bila chochote. Alikuwa anakula polepole, anakiponda kila kipande kwa mgongo wa kijiko kabla ya kukipeleka mdomoni. Kwenye jiko la pili, chungu changu cha jioni kilikuwa kinatokota, kimejaa pilipili na moshi wa samaki.

Aliponiona hakuficha. Alimaliza kumeza kwanza.

"Vidonda vya tumbo," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nilitapika damu nikiwa kwenye cherehani, gauni la bibi harusi likaharibika. Tangu siku hiyo ni hivi: viazi, uji, ndizi za kuchemsha. Pilipili nimekatazwa. Kichachu, mafuta, moshi, vyote nimekatazwa."

"Na unapika hivi kila siku?"

"Mikono haijakatazwa."

Nikaketi kwenye ngazi ya mlango. Nikauliza kile ambacho kimenikera mwezi mzima. "Kwa nini unasimama pale ninapokula?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Nitajuaje kama kimekaa sawa? Siwezi kuonja. Nakutazama usoni. Ile siku ya kwanza ulipotafuna majani ukakunja pua, nikajua bado yana uchungu. Siku ya pili nikayaongezea muda. Siku ya konokono uso wako ulikuwa mbaya kabla hujaingiza kijiko, kwa hiyo siku hiyo sikujifunza kitu."

"Nilidhani unanihesabia matonge."

"Nilikuwa nayahesabu," akasema. "Ukifika matano bila kusita, kimekaa."

Aliendelea na viazi vyake. Baadaye, bila mimi kuuliza, akasema kwamba mume wake alikuwa mlaji mzuri, mtu wa kutoa sauti akila. Alipofariki, wapangaji waliokuja wote walikuwa watu wa kula huku wanaangalia simu, na huwezi kumsoma mtu anayeangalia simu. Akawa anapika kwa kukisia. Miaka miwili ya kukisia. Kisha nikaja mimi, nisiyejua kuficha kitu usoni hata kidogo.

"Mama yako nilimjibu vibaya siku ile," akasema. "Lakini namjua. Watu wakikuonea huruma, chakula kinazidi kuwa cha mgonjwa. Mimi walinionea huruma mpaka nikachukia kiazi. Nikasema huyu mama hahitaji pole, anahitaji mtu wa kumbishia."

Nimesoma tena niliyoandika humu tarehe kumi na saba mwezi uliopita, kwamba simpendi. Sitaichana ile karatasi. Nataka nikumbuke nilivyokuwa na uhakika.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeleta meza ya chumbani kwangu jikoni. Yeye na viazi vyake upande huu, mimi na pilipili zake upande ule, simu katikati na mama ndani ya simu na bakuli lake. Mama akauliza, "Leo kuna nini?" Nikaanza kueleza, na Mama Cherehani akafumba macho. Nikatambua kwamba naeleza kwa watu wawili, na hakuna hata mmoja wao ninayeweza kumdanganya. Nilikula polepole kuliko siku zote. Kila tonge nililipa muda wake.

Jumamosi, 20 Aprili

Paa limezibwa, stabilaiza ya kulinda mashine imefungwa, umeme umetulia. Picha ya kwanza: mguu wa mzee aliyeteleza kwenye tope. Umevunjika mahali pamoja, safi, wa kupona. Mzee alipoonyeshwa mfupa wake alisema ni mwembamba kuliko alivyofikiria. Mfamasia alileta kikopo cha viwavi kusherehekea. Nilikimaliza.

Ijumaa, 26 Aprili

Kilo zimetimia. Daktari ametoa tarehe: Alhamisi ijayo.

Barabara imefunguliwa nusu. Nilitaka kwenda, mama akakataa kabisa. "Unakuja kufanya nini? Nitakuwa nimelala. Maliza kazi za watu."

Jumatano, 1 Mei

Kuanzia jioni hii haruhusiwi kula kitu. Alipiga mapema, kabla muda wa kufunga haujaingia, akala ndizi tukiwa wote mezani. Nilimweleza mchuzi wa leo, nikaurefusha. Aliposikia sauti yangu inayumba akaniambia nimpe yule.

Mama Cherehani akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kesho wanakupasua."

"Wananipasua."

"Ukitoka tuna habari ya kitunguu. Hatujaimaliza."

"Kabla mafuta hayajapata moto," mama akasema. "Imekwisha."

"Haijaisha."

Alhamisi, 2 Mei

Kaka: bado yuko ndani. Kaka: bado. Kaka: ametoka, yuko hai, amelala.

Nilikuwa kwenye chumba cha eksirei, nikawafundisha wauguzi jambo lile lile mara tatu. Waliniacha nifundishe.

Ijumaa, 3 Mei

Amelala. Mipira puani. Mama Cherehani ameshona na kufumua mkono mmoja wa gauni asubuhi nzima.

Jumamosi, 4 Mei

Amefumbua macho, kaka anasema. Hajasema kitu. Sisi hatujapika. Nimekula viazi pamoja naye kutoka sufuria ile ile, na viazi vitupu, ukivila polepole, vina utamu wao, ila lazima usiwe na haraka.

Jumatatu, 6 Mei

Simu imelia asubuhi, mvua haipo. Mara ya kwanza nakumbuka kuona vivuli vya nguo kwenye ukuta wa baraza. Mama Cherehani alikuwa kwenye cherehani, mimi nimesimama kando nakunywa chai.

"Mwanangu." Sauti ni mkwaruzo, kama anaongea kupitia blanketi.

"Abee, mama. Leo nimekula..."

"Ngoja wewe. Leo sikiliza mimi."

Nikangoja. Anapumua kati ya maneno.

"Wameniletea uji. Jikoni kwao hapa wamemweka mtu asiyejua kazi. Uji wa mgonjwa, na umezidi chumvi."

Nikaweka kikombe chini. "Umesemaje?"

"Umezidi chumvi. Huyo ni mtu wa kupewa jiko? Chumvi mpaka kwenye fizi. Nimemwita muuguzi nikamwambia, akanitazama tu."

"Mama, umejuaje kama umezidi?"

"Nimejuaje nini?" Ameudhika. "Umezidi, nakwambia. Nimeula, lakini umezidi."

Kaka akachukua simu akasema daktari anataka vipimo vingine, tusianze kushangilia, wiki mbili tatu hizi ndizo za kuangalia. Nilisikia na nikaelewa. Lakini nyuma yake mama alikuwa bado anamsema mpishi wa hospitali kwa ile sauti ya mkwaruzo.

Cherehani ilikuwa imesimama. Mama Cherehani alinitazama usoni, kama anavyonitazama siku zote.

"Anasema nini?"

"Anasema uji umezidi chumvi."

Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya kitambaa alichokuwa anashona, ambacho si chake, akaivaa tena. Ilimchukua muda.

"Mwambie awaambie waongeze maji."

Nikamwambia. Mama akasema hilo alishawaambia tangu asubuhi.